Viatu vile vilikuwa vya studio

Mwezi uliopita niligusia hapa vijipicha ninavyotengeneza nyumbani: sura za watu waliomo kwenye picha za zamani, juu ya ubao usiozidi daftari la shule, kwa kuchanganya fotokopi, rangi, vipande vya kanga na karatasi kuukuu. Nilidhani nimemaliza. Barua zimekuja mpaka mhariri ananitania, na wawili wenu mmetia picha halisi ndani ya bahasha! Tafadhali msifanye hivyo tena. Hizo mbili nitazirudisha kwa mkono wa mtu.

*Shikamoo mama. Nina picha ya bibi mzaa baba, ndogo kama kiganja, kingo zake zina menomeno. Natamani kumtengeneza kama ulivyoeleza ila sijashika brashi tangu shule ya msingi. Nianzie wapi?*
Mjukuu, Pangani

Marahaba mwanangu. Anzia steshenari, duka la rangi baadaye. Picha halisi itaguswa siku moja tu, siku ya kuitoa kopi, kisha irudi ilikolala. Kama imegandana na kioo cha fremu, na kwa unyevu wetu wa pwani hugandana sana, usiibandue. Ule utando wa juu uliobeba sura utabaki kwenye kioo, wewe utabaki na karatasi tupu mkononi. Iskani pamoja na kioo chake.

Mwambie kijana wa steshenari akuze mpaka uso uwe na upana wa vidole vitatu, na atoe kwa mashine ya fotokopi, ile ya unga, si printa ya wino. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wino ukikutana na maji unatiririka, bibi anatokwa machozi ya zambarau. Unga wa fotokopi ni plastiki iliyoyeyushwa ikashika karatasi, maji hayauwezi. Mwambie pia aigeuze, kushoto kuwe kulia, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Sababu utaiona mbele.

Ubao wangu ni hadibodi, ileile aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Shiti nzima ni futi 8 kwa 4, na kwa vipande vya sentimita 15 kwa 20 ingekutolea karibu 96, kwa hiyo usinunue shiti. Nenda kwa fundi seremala uombe mabaki. Upande laini upige msasa kidogo, kisha rangi nyeupe ya maji, hii ya ukutani, mikono miwili. Nyuma nako upake, la sivyo ubao utajikunja kama chapati iliyosahaulika juani.

Sasa gundi. Ukipata jeli ya akriliki, ile ya jamii ya rangi za plastiki zinazozimuliwa kwa maji, kwenye duka la vifaa vya sanaa, vizuri. Mimi miaka mingi nimetumia gundi ya mbao, ile ambayo ikishakauka haiogopi maji. Paka ubaoni, nyembamba na sawasawa, laza kopi kifudifudi, sukuma hewa itoke kwa ukingo wa kadi yoyote ngumu, uache usiku kucha. Masika acha siku mbili. Ikikauka, lowesha mgongo wa karatasi kwa sifongo uanze kusugua kwa ncha ya kidole, polepole, kama unayemtoa mtoto tongotongo. Karatasi itatoka vinyuzinyuzi, na chini yake utaona giza la nywele, halafu nyusi. Macho yakitokea, ondoa kidole! Pakikauka ukungu mweupe utarudi na utaona umeshindwa. Hujashindwa. Lowesha tena, sugua tena. Mimi huenda mara tatu, na bado kuna mahali panachubuka. Pakichubuka paache, usikimbilie kupaziba.

Kuhusu kugeuza: picha yangu ya kwanza sikugeuza. Alikuwa mama mdogo, kajifunga kanga, na jina la kanga likatoka kinyumenyume. Hilo nililiona palepale, nikalifunika kwa kipande cha kitambaa nikajiona fundi. Dada yangu akaja, akaitazama sana, akasema, “Kafanana naye, ila siye.” Nilikaa juma zima sijui tatizo liko wapi. Kilikuwa kipini. Kipini cha pua kilikuwa kimehamia upande wa pili.

*Picha ya mama ni nyeusi na nyeupe. Nitajuaje kanga yake ilikuwa ya rangi gani?*
Msomaji, Kigoma

Uliza waliokuwepo. Uliza watu wawili, na usiwaulize wakiwa wamekaa pamoja, maana wa pili atamfuata wa kwanza. Macho yako usiyaamini sana. Filamu nyingi za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1930, zilikuwa hazioni wekundu: chekundu kilitoka cheusi, na buluu ikapauka mpaka ikakaribia weupe. Kwa hiyo kanga unayoiona nyeusi tii kwenye picha ya umri huo huenda ilikuwa damu ya mzee. Chukua kisutu cha bibi harusi, chenye wekundu, weusi na weupe. Kwenye picha kama hiyo wekundu na weusi vinaungana kuwa kitu kimoja na nusu ya nakshi inamezwa.

Picha ya mama yako pengine ni ya juzijuzi kuliko hapo, lakini hata filamu nzuri haitakwambia kama kijivu kile ni kijani au ni zambarau. Akikosekana anayekumbuka, usibuni. Mimi huiacha nguo katika kijivu chake, halafu pembeni ya picha nabandika kipande cha kanga yake halisi kama ipo sandukuni na wenye sanduku wameridhia. Kipande kisizidi ukucha wa kidole gumba. Kata kwenye pindo lililokwisha chakaa, mji wa kanga uuache mzima, mtu atautaka siku moja.

*Je, gundi ya unga wa ngano inafaa? Na chai kwa kuzeesha karatasi?*
Mwalimu wa chekechea, Dodoma

Gundi ya unga mende wataipenda kuliko wewe. Kwa kazi ya darasani ya siku mbili sawa, kwa picha ya kutundika hapana.

Chai ya rangi, naam, hapa inafanya kazi ya jina lake. Majani mengi, maji kidogo, ipoe, watoto wachovye karatasi waanike. Watafurahi na wewe utafua. Ila chai hupauka kwenye mwanga, na asidi yake huila karatasi taratibu. Picha unayotaka wajukuu waikute, ipitishie rangi ya kahawia ya akriliki iliyozimuliwa sana.

*Assalaam alaykum. Sisi asili yetu Unguja, tunaishi Muscat. Nina picha ya marehemu babu, nyuma ina mhuri wa Capital Art Studio, Zanzibar. Kwetu husemwa ni ya mwaka 1925. Nataka kuitengeneza, lakini ami yangu hapendi sura za watu ukutani, sembuse za marehemu. Unanishauri nini?*
Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam, kaka. Kwanza huo mwaka. Studio hiyo ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kwa hiyo babu hakupigwa picha pale mwaka 1925, labda mtu alichanganya mwaka wa picha na mwaka wa harusi au wa safari. Mhuri huo ni mali. Toa kopi ya mgongo wa picha pia, uuhamishie kwenye ubao kama ulivyo, na wino wake uliofifia. Watu wanaonionesha picha huwa wanageuza upande wa sura tu. Mimi naanza na mgongo.

La ami yako si langu kuamua, lina wenyewe wa kuulizwa. Nitakwambia nilichofanya nilipopata mteja mwenye ami kama wako: nilimtengeneza mzee bila uso. Nilichukua kofia yake ya viua, bega, na mkono ulioshika bakora, nikaikuza sehemu ile ya kofia mpaka ukaweza kuhesabu matundu ya mshono. Ikatundikwa ukumbini na ami mwenyewe ndiye aliyeshika msumari. Sisemi wako atashika.

*Dada, picha pekee ya babu imekatwa kichwa. Baba anasema kilikatwa kwa ajili ya kitambulisho. Kimebaki kiwiliwili, koti na mikono. Nimchore sura kwa kumtazama baba? Watu husema wamefanana.*
Mdogo wako, Mwanza

Hauko peke yako, mdogo wangu. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa na studio ambayo mteja wa picha ya kitambulisho alipigwa picha nzima amekaa kitini, kisha uso ukakatwa kwa kikato cha mstatili, akapewa. Kilichobaki kilikuwa taka. Mpigapicha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alivikusanya vile vilivyobaki na mwaka 2013 vikatoka kitabuni: watu waliokaa vizuri, mikono magotini, nguo safi, na penye uso pana tundu jeupe. Nilipoziona mara ya kwanza nilishtuka, halafu nikaanza kutazama mikono. Mmoja kaibana, mwingine kailegeza. Unaanza kuwajua.

Kuazima sura nimewahi, na sikushauri. Kuna kaka wa mama ambaye picha yake ililiwa na maji usoni, nami nikamtilia macho ya mdogo wake na mdomo wa mwanawe. Kazi ilitoka safi, pengine safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama akaishika, akauliza, “Huyu nani?” Sikuwa na jibu, maana kwa kweli hakuwa mtu yeyote.

Liache tundu. Nyuma yake weka kitu alichokishika babu mwenyewe, kopi ya barua yake, risiti, ukurasa wa daftari la hesabu za duka, kichungulie pale penye uso. Nguvu zako zote zipeleke kwenye mikono. Mikono ni migumu, utailaani, lakini ni yake.

*Shikamoo mama. Kwenye picha bibi kavaa saa na viatu vya kisigino, kasimama mbele ya pazia lenye ngazi na maua. Nyumbani wote wanasema hakuwahi kuwa na saa. Nivitoe vitu ambavyo si vyake ili picha iwe ya kweli?*
Mjukuu mwingine, Mombasa

Marahaba mjukuu. Swali hili lilinigharimu ubao mzima kabla sijalielewa.

Vitu vile vilikuwa vya studio. Si Mombasa tu. Mpigapicha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa na suti, saa, kalamu, redio, hata skuta, na mteja alichagua atakavyo kuonekana. Huku kwetu pazia la kuchorwa ndilo lililokupeleka popote bila nauli. Na kule Lamu mpigapicha Omar Said Bakor hakuishia kwenye pazia, alikata picha kwa mkasi na kuziunganisha, mteja akajikuta mahali ambapo mguu wake haujafika. Kwa hiyo hizi kolaji zetu, picha za kuunga vipande, wazee walishazifanya, tena na mteja akalipa.

Mimi bibi yangu, mzaa baba, nilimtengeneza na viatu vyake vyeupe vyenye bizimu ya fedha. Viatu vile nilivipenda. Niliviwekea jioni tatu: nyeupe ya akriliki, juu yake utando wa kijivu, bizimu nikaitengeneza kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nikampelekea shangazi. Akavaa miwani, akatazama uso kidogo, akashuka moja kwa moja mpaka chini.

“Viatu vile vilikuwa vya studio,” akasema. “Jozi moja. Kila mwanamke aliyeingia alivivaa. Mama vilimbana, alirudi nyumbani anachechemea.”

Nikasema basi nitavitoa, nitapiga msasa nimchore miguu yake. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mchanga wa uani kwetu. Shangazi akanikatalia, na akanikatalia kwa ukali.

“Uvitoe kwa nini? Alivilipia.”

Alikuwa amelipia kusimama navyo dakika ile moja, akatoka hapo na ushahidi. Mimi nani nije nimvue miaka mingi baadaye kwa msasa? Kwa hiyo saa ya bibi yako iache, mjukuu. Ichore vizuri, hata mishale yake, na wakati inaouonesha kwenye picha ndio huohuo uuweke.

Ila nilifanya jambo moja. Kwenye kona ya chini kulia, nje ya mkeka wa studio, niliongeza makubadhi yake aliyoyavua mlangoni. Madogo sana, kila moja kama punje ya mchele, kwa kahawia na penseli. Nikarudi tena kwa shangazi. Akaisogeza picha dirishani, akakaa nayo muda, akasema la kushoto lilikuwa limekatika ukanda.

Nimeukata.