Maswali ya Wafumaji: Korosho ya Kanga Kwenye Sweta

SWALI: Shikamoo mama. Nimefuma sweta kwa miaka 9 nikifuata maelekezo ya watu wengine, na sasa natamani kubuni ya kwangu. Nilichora korosho, yaani zile nakshi zenye umbo la korosho, za kanga ya marehemu bibi yangu kwenye karatasi ya miraba, kisha nikaanzisha vitanzi 220 kwa ajili ya kifua cha sentimita 92, kwa kuwa karatasi ya uzi ilisema vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Sweta imetoka pana mno, na korosho zimebonyea kana kwamba zimekaliwa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazo lako ni zuri na sipendi uliache. Picha uliyoambatanisha, yenye rula juu ya sweta, imenionyesha kosa lenyewe: katika sentimita 10 nimehesabu vitanzi 20, si 22. Aliyeandika ile karatasi alipima ufumaji wa mkono wake, nawe una mkono wako. Tofauti ya vitanzi 2 inaonekana ndogo, lakini ukigawanya 220 kwa 2 kwa kila sentimita unapata mzingo wa sentimita 110, wakati wewe, ukiwa na kifua cha 92 pamoja na sentimita 8 za kukuacha upumue na kuvaa blauzi ndani, ulihitaji 100 tu.

Kwa hiyo ubunifu hauanzi kwenye mchoro. Unaanza kwenye kipande cha majaribio. Fuma kipande chenye upana na urefu wa sentimita 15, kwa uzi uleule na sindano zilezile, na kwa kuwa unatumia rangi mbili, kifume kwa rangi hizo mbili, maana mikono mingi hukaza zaidi inapobeba nyuzi mbili. Kifue kama utakavyofua sweta yenyewe, kilaze kikauke bila kukivuta, ndipo upime sentimita 10 za katikati, mbali na kingo ambazo hujikunja. Hesabu vitanzi vya upana na pia mistari ya urefu. Najua inachosha kufuma kitu kisichovaliwa, lakini ni jioni moja tu, na wewe umepoteza wiki ngapi?

Sasa tuje kwenye korosho, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Miraba ya karatasi ina pande sawa, lakini kitanzi kilichofumwa ni kipana kuliko urefu wake. Kwa kipimo chako cha vitanzi 20 na mistari 28, korosho uliyoichora kwa miraba 20 kwa 20 inatoka na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 7 na kidogo; ndiyo maana imebonyea. Chora upya kwa miraba 20 ya upana na 28 ya urefu. Kwenye karatasi itaonekana imerefuka na shingo yake imekuwa nyembamba, nawe usiogope, kwani kwenye sindano itarudia umbo la kanga.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro haukuambii. Uzi wa rangi isiyotumika hupita nyuma ya kazi, na ukipita vitanzi vingi bila kushikwa, vidole hunasa kila mtu anapovaa. Mimi siruhusu upite zaidi ya vitanzi 5, yaani sentimita 2 na nusu kwa kipimo chako, na kwa nguo ya mtoto mchanga napunguza hadi 3. Bahati nzuri waliochora kanga wamekusaidia, kwa maana korosho ya kanga mara nyingi imejaa nukta ndani: sambaza nukta hizo ili rangi zipishane kila baada ya vitanzi vichache. Acha vitanzi 5 kati ya korosho moja na nyingine, ili kila moja pamoja na nafasi yake ichukue vitanzi 25, na mzingo wa vitanzi 200 utakupa korosho 8 kamili, 4 mbele na 4 nyuma, bila korosho iliyokatwa ubavuni. Ukifuma mbele na nyuma mbalimbali, anza na vitanzi 102 kila upande, ili kimoja cha kila ukingo kiingie kwenye mshono.

Kwa mikono ya sweta, mbunifu Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufanyia kazi yake Marekani, aliwafundisha wafumaji kukokotoa kila sehemu kama asilimia ya vitanzi vya kifua. Kwenye kifundo cha mkono chukua asilimia 20, yaani vitanzi 40, na juu asilimia 35, yaani 70. Unaongeza vitanzi 30, viwili kwa mara moja, mara 15. Ukiongeza kila baada ya mistari 6 utatumia mistari 90, ambayo ni sentimita 32 hivi. Lakini pima mkono wa mvaaji kabla ya kuziamini asilimia hizo, hasa kwa mtu mwenye mikono minene.

Fumua sweta ile, osha uzi uliojikunja, uanze tena.

SWALI: Nikibuni mwenyewe, nitajuaje ninunue uzi kiasi gani?
*Msomaji, Limuru*

JIBU: Kipande kilekile cha majaribio kitakujibu. Kiweke kwenye mizani ya jikoni. Tuseme kina eneo la sentimita za mraba 225 na uzito wa gramu 10. Kiwiliwili cha mzingo wa 100 na urefu wa 60 ni 6,000. Mikono miwili, yenye urefu wa sentimita 45 na wastani wa upana wa 27.5, ni karibu 2,500. Jumla ni 8,500, ambazo ni kama vipande 38, yaani gramu 380. Ongeza gramu 50 za tahadhari, ununue vibonge 9 vya gramu 50. Vinunue siku moja na ulinganishe namba ya mkupuo wa kutia rangi (dye lot) iliyochapwa kwenye kila karatasi, kwa kuwa uzi uliotiwa rangi siku nyingine hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hutaiona dukani chini ya taa bali utakapotoka na sweta juani. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili ya kibonge kimoja na miwili ya kingine kwa kupokezana.