Muuguzi Mstaafu Anajibu: Naolewa Mfungo Mosi, dawa niifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 25, nauza mahamri na mbaazi Langoni, Lamu. Mwaka wa pili huu nameza valproeti kwa ajili ya baipola, ule ugonjwa wa moyo kupaa kupita kiasi kisha kuzama, na alhamdulillahi nimetulia. Naolewa Mfungo Mosi. Somo yangu kasikia dawa hii huharibu mtoto tumboni, anataka niiache. Wifi anasema niombe lithiamu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Somo yako kasikia kweli, ila hapo pa kuiacha kakosea. Ukikatiza ghafla ugonjwa hurudi, pengine kwa kishindo, na harusi yenyewe ina mikesha. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kukupandisha.

Valproeti ikitumiwa mjamzito, takriban mtoto 1 katika 10 huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 katika 10 huchelewa kusema au kujifunza. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga wiki za mwanzo, mama hajajua hata kama ana mimba. Kwa hiyo muone daktari wiki hii, usingoje hina. Mwambie unataka kuzaa (aliyekuandikia alipaswa kukuuliza!), akubadilishie polepole, na upange uzazi mpaka mmalize.

Lithiamu ni dawa ya heshima, hata hatari ya kujiua huipunguza. Lakini ni chumvi, na inataka figo na maji. Nilimuuguza nahodha mmoja wa Matondoni, miaka kumi lithiamu imemshika vizuri. Ramadhani moja, jua la kaskazi, kafunga na kutwa anashona tanga. Mgongo ukamuuma, akameza ibuprofeni siku tatu. Nilimkuta sindano haitui kwenye kitambaa, mkono unatetemeka, akisimama anapepesuka, tumbo linamwendesha. Dozi ilikuwa ileile. Kwa kukosa maji na kwa ile ibuprofeni, figo ndizo zilizoacha kuitoa, ikamjaa mwilini. Nawe unashinda mbele ya karai la mafuta, jasho linakutoka.

Ikiwa kinachokusumbua zaidi ni kuzama kuliko kupaa, uliza pia dawa ya lamotrijini. Katika mimba ina nafuu kubwa kuliko valproeti. Hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ukitoka vipele, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Ukielekezwa lithiamu, uliza kwanza kipimo cha damu cha kujua kiwango chake kinafanyikia wapi, maana mwanzoni ni kila wiki, baadaye kila miezi 3: ni hapa kisiwani, au ni boti mpaka Mokowe kisha basi la Mombasa? Na nauli hiyo mzungumze na bwana harusi mapema.