Nimeanzia kwenye gunia la mahindi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukiamua kula vizuri, unaanzia wapi?" Wengi watajibu matunda, mboga, kuacha soda. Yote mema. Mimi nimeanzia kwenye ugali, kwa sababu hapa kwetu Morogoro ndio tunaokula karibu kila siku. Parachichi la Jumapili haliwezi kufidia wiki nzima ya sembe.

Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka, na humo ndimo yalimo mafuta mazuri, nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kinachobaki kwenye sembe ni wanga zaidi. Pumba tunawapa kuku, halafu tunakwenda duka la dawa kununua vitamini za vidonge! Jambo hili linaniuma, hasa nikiona nyumba zenye watoto wadogo. Kwa hiyo siku hizi kijana wa mashine akiniuliza, "Mama, nikoboe?" namjibu, "Hapana mwanangu, saga hivyo hivyo."

Lakini dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, nayo inataka mahindi safi, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wanisikilize. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huzalisha sumukuvu. Kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Mla dona hana kinga hiyo. Na kuchemsha ugali hadi uive sawasawa hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya waliugua watu 317 na kufa 125, wengi wao huko Makueni na Kitui. Mwaka 2016 balaa hilo hilo likaja kwetu, Dodoma na Manyara. Hata anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hayuko salama, kwani sumukuvu huharibu ini na huweza kuleta saratani.

Ndiyo maana naenda sokoni na chupa ndogo ya kioo, kavu kabisa, yenye chumvi kavu kidogo. Naomba konzi ya mahindi, nayatia humo, nafunga, natikisa vizuri, kisha naiacha chupa itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, siyachukui. Ikishuka yote chini, ni makavu. Kipimo hiki hakionyeshi sumu yenyewe, kinaonyesha unyevu tu, lakini unyevu ndio mlango wake.

Nyumbani tunayamwaga kwenye ungo, tunapepeta, tunachagua. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, yenye rangi ya kijani au nyeusi, inatoka. Na haiendi kwa kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo hurudi kwetu kupitia maziwa. Tunaitupa. Najua inauma kutupa chakula ulichokinunua.

Nasagisha kidogo kidogo, kwa sababu unga wa dona una mafuta ya kiini na huchacha upesi. Watoto mwanzoni waliulalamikia ule weusi wake, nikawa nachanganya nusu kwa nusu na sembe, nikipunguza sembe polepole. Sasa wanaula na matembele, dagaa au maharage bila neno. Chumvi naipima: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ihesabiwe hata ile iliyomo kwenye mkate. Chai ya jioni haina sukari tena.

Wapo wauzaji wasioipenda chupa yangu. Sigombani nao, napita kwenda kwa anayekubali mahindi yake yapimwe, na hata bei yake ikizidi kidogo, nanunua kwake.

Mama Mlezi, Morogoro