Kabla hujapima shamba la mtu, omba daftari la chama

Jumanne iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mbinga. "Dada shikamoo. Nimepata kazi ya kusajili mashamba ya kahawa kwa GPS, wakulima 900, kwa ajili ya soko la Ulaya. Nimepewa simu mbili na miezi miwili. Nianzie wapi?"

Nilimjibu mistari mitatu, kisha usiku sikupata usingizi. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe mwaka 2023, na laiti ningekuwa na wa kumwandikia. Kwa hiyo leo najibu kwa urefu, kwake na kwenu wote mnaotaka kutumia teknolojia kuinua kilimo cha nyumbani kwenu. Najua mko wengi, maana mnaniandikia.

Kwa asiyejua chanzo: mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria namba 2023/1115. Kahawa, kakao, mpira, soya, mawese, ng'ombe na mbao haziruhusiwi kuingia kwenye soko lao kama zimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila mzigo uonyeshe umetoka shamba gani, kwa latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kwa pointi moja. Linalozidi hapo uchore mpaka wake wote. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mara mbili, kutoka mwisho wa 2024 hadi mwisho wa 2025, kisha hadi mwisho wa 2026. Kuna viongozi wa vyama vya ushirika waliochukulia kusogezwa huko kama likizo. Wanunuzi hawakwenda likizo. Walianza kuuliza pointi tangu mwaka ule ule wa kwanza.

Ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa na shahada ya mifumo ya kompyuta, nimerudi nyumbani Rombo, mlimani Kilimanjaro, kumuuguza mama, sina kazi. Kampuni moja inayonunua kahawa ya chama chetu cha msingi cha ushirika ikatafuta mtu wa kusajili mashamba. Nilichukua vijana wanne, kila mmoja na simu yake. Ilikuwa Oktoba, mvua za vuli ndiyo zinaanza. Ndani ya siku 12 tulikuwa tumesajili wakulima 640. Nilijisikia mtu. Nilipiga picha na vijana wangu mbele ya ofisi ya chama, nikaituma kwenye kila kundi la simu nililokuwamo.

Wiki mbili baadaye mnunuzi akaniandikia sentensi moja: mashamba yenu yako Hispania.

Ukweli ndivyo ilivyokuwa. Huku kwetu mlimani latitudo inaanza na hasi tatu na pointi, longitudo ni thelathini na saba na pointi. Faili la GeoJSON, yaani faili la ramani tulilotuma, linataka longitudo itangulie, na mimi nilitanguliza latitudo kama tulivyozoea kuitamka. Ukizigeuza, mibuni ya Rombo inaota kusini mwa Hispania, milimani upande wa Granada. Na zaidi ya pointi 70 hazikufika hata huko. Hizo ni zile ambazo vijana waliandika kwa mkono simu zilipoisha chaji, wakasahau alama ya hasi. Ukiondoa hasi unavuka ikweta. Hizo, hata ukirudisha latitudo na longitudo mahali pake, zinatua jangwa la Chalbi, karibu na North Horr, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo hakuna mtu anayelima kahawa.

Kugeuza safu mbili za namba ni kazi ya dakika tano. Nilizigeuza, nikapumua, nikafikiri yamekwisha. Ndipo nikaona kasoro ambazo hazigeuziki. Sheria inataka tarakimu 6 baada ya nukta, maana hapo unapata usahihi wa kama sentimita 11. Pointi zangu nyingi zilikuwa na 3. Tarakimu 3 ni mita 110, na kwetu mita 110 ni kihamba, yaani shamba la ukoo, cha jirani na cha jirani yake. Halafu nilipoziweka juu ya picha ya setelaiti nikaona mabati. Pointi baada ya pointi, mabati ya nyumba. Vijana walipiga pointi mlangoni, mwenye nyumba akitoka kuwasalimia, kwa sababu mibuni iko chini bondeni na kulikuwa na utelezi. Siwalaumu wao. Niliyewalipa kwa idadi ya majina ni mimi.

Lakini kilichonikaa moyoni mpaka leo si namba. Ni babu mmoja, mwanachama mkongwe, aliyenikuta nimesimama kwenye safu ya masale inayotenganisha kihamba chake na cha ndugu yake. Kwa msiokuwa Wachagga: masale ni mmea wa mpaka, na ni mmea wa kuombea msamaha. Haung'olewi ovyo, na mtu hasimami pale na chombo asichokieleza. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo simu inapima nini?"

Nikasema, "Inapima shamba, babu."

Akakaa kimya kidogo. "Shamba linapimwa likiuzwa."

Nami nikamjibu, "Ni mfumo wa Ulaya tu, babu, usiwe na wasiwasi." Nikaenda zangu. Hilo ndilo jibu nililompa mzee ambaye makaburi ya baba yake na babu yake yamo ndani ya kihamba kile. Jioni ile ile habari ilishafika Dar es Salaam, mwanawe akanipigia simu kuuliza nani amenipa ruhusa ya kupima ardhi ya baba yao. Ndani ya wiki nilikuwa naitwa dalali wa viwanja.

Mkutano mkuu ulikuwa Machi 2024. Nyongeza ya bei tuliyoahidiwa haikuja. Mnunuzi alikuwa ameondoka na majina ya wakulima, namba zao za simu na pointi zote, chama hakikubaki hata na nakala moja, na barua zetu hazikujibiwa. Mwenyekiti alisimama akasema mbele ya watu wote, "Binti yetu alituangusha." Mama yangu alikuwa amepona, amekaa safu ya tatu. Sitaficha, bado inaniuma. Nilikosea, naam, lakini walionikabidhi simu bila siku moja ya mafunzo walikuwa mbali sana na ukumbi ule.

Miezi miwili baadaye katibu wa chama aliniita ofisini. Ni mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Alifungua kabati la chuma, akatoa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, la mwaka 1994, akaliweka mezani. Kisha la 1995. Kisha la 1996. Yakapangwa hadi yakafika usawa wa kidevu changu. Akafungua ukurasa mmoja, akaweka kidole kwenye mstari. Namba ya mwanachama, jina, kitongoji, idadi ya mibuni, kilo alizoleta kila msimu. Na pembeni, kwa wino mwekundu: "Amefariki. Anaendelea mwanawe wa mwisho." Mistari kadhaa chini yake: "Mume yuko Mombasa. Analeta mke."

Nilikaa kwenye benchi nikalia. Nilisoma miaka mitatu kutengeneza kanzidata, na kanzidata ya kijiji changu ilikuwa kabatini inatunzwa kwa wino mwekundu, na mimi sikuwahi kuomba kuiona.

Tulianza upya. Kwanza, majina. Katika wakulima wangu 640 kulikuwa na mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, kulikuwa na marehemu, na kulikuwa na waume ambao hawajashika kikapu cha kahawa miaka kumi wakati wake zao ndio wanaoleta mzigo. Kila shamba likapewa namba ya mwanachama ya daftarini. Hiyo ndiyo iliyofunga kila kitu. Jina linabadilika, simu inapotea, namba ya daftari inabaki.

Pili, maelezo. Mwenyekiti mwenyewe alitangaza Jumapili baada ya ibada: tunapima nini, kwa nini, nani ataona, na kwamba pointi si hati ya ardhi, haimpi mtu kihamba wala haimnyang'anyi. Kila mkulima alitia saini au dole gumba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wengi wenu mnaokusanya taarifa za wakulima hamjaifungua hata mara moja. Ifungueni. Taarifa za mkulima ni za mkulima.

Tatu, karatasi. Kila aliyepimwa alirudishiwa karatasi moja yenye jina lake, namba yake, na picha ndogo ya shamba lake ikiwa na doa jekundu katikati. Nakala ya pili ilibaki chama. Mnunuzi alipata ya tatu. Yule babu wa masale alikuwa wa mwisho kukubali. Nilikwenda kwake na mama na katibu, nikaomba radhi kwanza, ndipo nikaeleza. Siku nilipompelekea karatasi aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya chama. Hakusema kitu. Akanisindikiza hadi barabarani.

Kwa upimaji wenyewe sitawachosha. Simama katikati ya mibuni. Subiri simu iseme usahihi uko chini ya mita 5. Chini ya migomba na miti mikubwa unaweza kusubiri dakika tatu, subiri. Tumia KoboToolbox au programu nyingine inayofanya kazi bila mtandao. Ukihamishia Excel, weka safu za pointi ziwe maandishi, vinginevyo inakula sifuri za mwisho na tarakimu zako 6 zinabaki 5. Vijana wawili tu kati ya wanne walirudi kufanya kazi nami, na ilituchukua zaidi ya miezi miwili.

Halafu mwaka 2025 setelaiti ikatushitaki. Ramani za msitu zinazotumiwa na wanunuzi huangalia miti kutoka juu, na kihamba kutoka juu ni msitu: juu kabisa kuna mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba ndiyo mibuni. Mama mmoja alikuwa amekata mruka mzee uliotaka kuangukia paa lake, mwaka 2022. Mfumo ukaandika kwamba msitu umekatwa baada ya 2020, shamba likawekewa alama nyekundu. Mama wa watu hajawahi kufyeka hata kichaka.

Sheria yenyewe inasema ardhi inayotumika hasa kwa kilimo haihesabiwi kuwa msitu, na kilimo mseto cha miti na mazao kimo humo. Ila lazima uthibitishe kwamba kilimo kilikuwapo. Unathibitishaje? Picha za mibuni yenye visiki vinene kama paja tulizituma. Kilichomaliza kesi ni daftari. Katibu alifungua mwaka hadi mwaka, namba ile ile ya mwanachama, kilo zake za 1998, za 2007, za 2015, za 2019. Tulipiga picha kurasa, tukaambatanisha na pointi. Alama nyekundu ikaondolewa kwake na kwa wengine tisa. Msimu uliopita mzigo wetu ulikubaliwa, na nyongeza ikaingia kwenye malipo ya pili.

Sasa nawaambia ninyi vijana wenzangu wenye laptopu. Kila mwezi kuna mtu anakuja kwenye vyama vyetu na mfumo mpya: akili mnemba ya kutambua magonjwa ya mibuni, droni, blokucheni ya kufuatilia gunia hadi bandarini. Sizikatai. Nazipenda, na nyingine nitazitumia. Lakini wakulima wa mlima huu walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika, tangu 1933. Walipima, waliandika, walihesabiana na kusomeana mahesabu kabla babu zenu hawajazaliwa. Ukiingia ukadhani unawaletea utunzaji wa kumbukumbu, umewadharau, nao wataisikia dharau hiyo kabla hujafungua mdomo. Heshimu kilichoandikwa. Uliza nani anakiandika. Kaa naye. Narudia, kaa naye, kabla ya simu na kabla ya picha ya mbele ya ofisi.

Na ninyi viongozi wa vyama, msikubali mtu yeyote aondoke na taarifa za wanachama bila nakala kubaki kabatini kwenu. Iandikwe kwenye mkataba, kabla ya saini.

Kijana wangu wa Mbinga, hesabu yako ni hii. Ukipima kwa haki, simu moja inamaliza mashamba matano au sita kwa siku. Simu mbili, wakulima 900, ni siku 75 hadi 90 za kazi, hapo hujahesabu mvua, misiba wala Jumapili. Miezi miwili haitoshi. Omba minne, na ueleze kwa nini. Wakikataa, omba simu mbili zaidi na vijana wa pale pale kijijini, uwalipe kwa siku, usiwalipe kwa majina. Wiki ya kwanza usiwashe GPS kabisa. Nenda kwa katibu asubuhi, umpe shikamoo, uombe daftari la zamani kuliko yote alilonalo, na ubebe kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Ukikwama nipigie, hata usiku.