“Betri kavu” ni ipi? Isome kabla ya kuwasha chaja

Asubuhi moja pikipiki yangu ilikataa kuwaka, selfu inalia tik-tik tu. Nikaifungua betri, kale kadogo ka volti 12 na ampea-saa 5, nikaipeleka kwa fundi anayechaji betri za magari. Akaigeuzageuza mkononi, akaniambia, “Hii si betri kavu? Haina shida, kaka. Pita baada ya saa moja.” Akaifunga kwenye chaja ileile iliyokuwa ikichaji betri ya lori.

Niliporudi nilikuta imevimba ubavuni kama andazi, haigusiki kwa moto, na kibanda kizima kinanuka yai viza. Fundi akanyoosha mkono achomoe vibanio. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje akapaza sauti: “Zima ukutani kwanza!” Namshukuru mpaka leo. Betri ikizidishiwa chaji hutoa haidrojeni, na hewa ikishachanganyika na gesi hiyo kwa asilimia 4 tu, cheche moja ya kibanio inatosha kuilipua betri na kuwarushia asidi usoni.

Kilichotuponza ni hilo jina, “betri kavu”. Tunaliita hivyo kila ganda lisilo na vifuniko vya kuongezea maji, kumbe humo mna betri tatu tofauti. Ya kwanza ni ile iliyozibwa tu; ndani ina asidi ya majimaji kama betri yoyote ya zamani, na huchajiwa vivyo hivyo. Ya pili ni AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Ya tatu ni ya jeli, na hii ndiyo yenye maringo: ikipelekwa juu ya kama volti 14.4, viputo vya gesi hujitengeneza ndani ya jeli na haviondoki tena. Chaja ikiwekwa kwenye hali ya AGM huweza kufika 14.7. Kwa hiyo ukiona neno GEL kwenye lebo, tafuta alama ya GEL kwenye chaja. Kama chaja haina, usiunganishe.

Lebo ikishajulikana, tazama ampea. Kipimo ninachofuata ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. N70 ya gari, yenye ampea-saa 65 hadi 70, naipa ampea 6 au 7. Ile yangu ya pikipiki ilistahili nusu ampea; ilipewa 10. Ukimwambia fundi “nusu ampea” na chaja yake haishuki hapo, chukua betri yako uondoke, hata akikuona msumbufu.

Betri yenye vifuniko, kagua maji kwanza. Kama sahani zinaonekana, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, kiasi cha kuzifunika tu. Ujazo kamili ungoje chaji iishe, kwa sababu maji hupanda. Usiongeze asidi.

Betri ikiwa bado ndani ya gari, mimi hufanya hivi: chaja imezimwa, kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, ndipo nawasha. Kwenye kutoa, nazima kwanza, kisha cheusi, kisha chekundu. Wenye Prius na Aqua waangalie zaidi, maana kwenye nyingi kati ya hizo betri ya volti 12 haipo chini ya boneti, iko nyuma, humohumo wanamokaa watu, na ina kijibomba cha kutolea gesi nje. Usikichomoe, na fungua milango wakati wa kuchaji.

Zote hizo ni betri za risasi na asidi; betri ya lithiamu ni habari nyingine kabisa. Chaja nyingi za kisasa zina kitufe cha kufufua betri zilizolala, na kitufe hicho hupandisha volti hadi 15 na zaidi. Kwa betri ya risasi iliyochoka kinaweza kusaidia. Kwa lithiamu ni hatari. Bodaboda ya umeme nayo ichajiwe na chaja iliyokuja nayo, si ya jirani hata kama plagi inaingia. Na ndugu zangu, tusiichaji usiku kwenye korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea watoto. Moto wa lithiamu hauwapi watu nafasi ya kutafuta ufunguo.

Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Chaji ikiisha, iache betri ya risasi ipumzike hadi kesho yake, halafu weka mita. Ikisoma 12.6 au 12.7, irudishe kwenye gari. Ikiwa imeshuka chini ya 12.4 bila kutumika, haishiki chaji vizuri; huenda imechoka au ina seli mbovu.