Magugu kwenye mashimo yaliyofukiwa: majibu kwa wasomaji wa Lindi na Mtwara

Swali (Ruangwa): Wachimbaji wa dhahabu walifukia mashimo shambani kwangu miaka miwili iliyopita. Sasa nyasi ya motomoto imetanda na mihogo haistawi. Nimepuliza dawa mara mbili, ikakauka, kisha ikarudi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, hukutaja jina la dawa, lakini hali unayoieleza ni ya dawa inayounguza majani bila kushuka ardhini. Chimbua shina moja uangalie: utakuta mashina meupe ya ardhini yenye pingili kama za muwa mwembamba, na ncha kali inayoweza kutoboa muhogo ikatokea upande wa pili. Kila pingili ina jicho linaloweza kuchipua, kwa hiyo anayeyakatakata kwa trekta udongo ukiwa na unyevu anaipanda upya. Ukitaka kulima, lima kiangazi, uyaache yakauke juani.

Mvua zikianza, fyeka, uiache ichipue hadi usawa wa magoti, ndipo upulize glaifosati, dawa inayoshuka hadi mashina ya ardhini, kwenye majani mabichi, asubuhi ambayo hakuna dalili ya mvua, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Uwe mwangalifu na maji ya kuchanganyia. Nimewaona wakulima wengi wakichota maji ya dimbwi lililobaki kwenye shimo la mgodi, yenye tope la mfinyanzi, na tope hilo huishika dawa na kuimaliza nguvu kabla haijagusa jani. Tumia maji safi, rudia kwenye machipukizi, na usipulize wakati wa upepo ikiwa jirani ana mikorosho michanga.

Hata hivyo, dawa peke yake haitakusaidia. Shamba lako lilifukiwa kinyume: kifusi cha chini kiliwekwa juu, na udongo mweusi uliokuwa ukikulisha ukazikwa mahali ambapo mzizi wa muhogo haufiki. Nimelieleza jambo hili mara nyingi na nitaendelea kulieleza, kwa sababu ardhi iliyoachwa wazi bila rutuba hutwaliwa na magugu yanayovumilia umaskini huo. Motomoto haipendi kivuli. Weka samadi, panda kunde na mbaazi kwa kubananisha ili zifunike ardhi mapema, na mihogo isubiri msimu unaofuata.

Swali (Masasi): Je, nikiichoma moto motomoto itakufa?

Jibu: Hapana. Majani yataungua, mashina ya ardhini yatabaki hai, nayo yatachipua kabla ya mmea mwingine wowote.

Swali (Mtwara Vijijini): Dawa gani ni nzuri ya kuua magugu?

Jibu: Swali hili hunifikia kila wiki katika umbo hili hili, na halijibiki. Taja gugu, urefu wake, na zao lililopo shambani. Muuzaji wa pembejeo asiyekuuliza mambo hayo matatu usinunue kwake, na usiguse dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nunua kiuatilifu chenye lebo, kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Swali (Kilwa): Tumelima mtama karibu na mashimo ya zamani ya jasi. Mtama umedumaa, na chini yake kumeota mimea mifupi yenye maua mekundu. Je, tuipalilie?

Jibu: Hicho ni kiduha, nacho hunyonya mizizi ya mtama wiki kadhaa kabla hakijatokeza juu ya ardhi, kwa hiyo mnapokiona hasara imeshaingia. King'oeni hata hivyo, kabla hakijatoa mbegu, kwa sababu mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi elfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Msimu ujao msipande mtama wala mahindi hapo. Pandeni kunde, ambazo mizizi yake huziamsha baadhi ya mbegu hizo na kuziacha zife kwa kukosa wa kumnyonya. Jembe lililotumika humo lisafishwe kabla halijaingia shamba jingine.

Swali (Nachingwea): Baada ya malori kumwaga udongo wa kufukia, kumeota gugu lenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe. Mbuzi hawaligusi.

Jibu: Dada, usilishike kwa mikono mitupu. Gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, lina sura hiyo na huwasha ngozi. Kwa kuwa kufanana peke yake hakutoshi, mwite afisa ugani alithibitishe, na wakati unamsubiri ling'oe ukiwa umevaa glavu kabla halijakomaza mbegu. Jambo linalonihuzunisha ni kwamba mitambo na malori hutoka mgodi mmoja kwenda mwingine yakiwa na tope lenye mbegu, ilhali kuyaosha ni kazi ya muda mfupi.

Swali (Mtwara): Mkandarasi anashauri tupande miti ya lusina kwenye kifusi.

Jibu: Mkataeni, kwa sababu lusina hutawanya mbegu nyingi na baada ya muda itakuwa gugu lenu jipya. Kwenye mteremko pandeni nyasi za vetiva.

Swali (Lindi): Mwenye leseni ya machimbo ya kokoto amesawazisha ardhi, na anataka serikali ya kijiji isaini kwamba amemaliza. Tusaini?

Jibu: Msisaini kiangazi hiki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 zinamwajibisha yeye kuirejesha ardhi katika hali nzuri, na kusawazisha ni mwanzo tu wa kazi hiyo. Ingieni na majembe, mchimbe sehemu tano mpime kina cha udongo wa juu, kisha mrudi katikati ya mvua, mwezi Februari, muone kilichoota. Mkikuta kokoto tupu na magugu, mwandikieni Afisa Madini Mkazi, nakala iende NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na muambatanishe picha za mashimo yote matano zenye tarehe.