Maswali Yenu: Bastola ya Vita, Niirembe au Niiache?

SWALI: Nina Walther P38, bastola ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyogongwa "ac 43". Weusi wa chuma chake umepauka kwenye kingo, mpini una ufa. Nataka ing'arishwe na kutiwa weusi upya, niiwekee mpini wa mbao na shabaha za kisasa za kulengea. Mwenzangu anasema nitaiua. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Kabla ya kutazama weusi, tazama namba. Toa kasha la risasi, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), kagua chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa jicho na kwa kidole, kisha ifungue. "ac" ni alama ya kiwanda cha Walther na 43 ni mwaka 1943. Soma namba ya fremu, ya slaidi na ya mtutu. Zikiwa moja, na zimegongwa kwa muhuri, mwenzako yuko sahihi: usiiguse.

Zikitofautiana, au moja ikiwa imechorwa kwa kalamu ya umeme, huenda bastola yako ilitekwa na Wasovieti. Hizo zilifunguliwa, zikachanganywa vipande na kuchovywa weusi upya ghalani. Uasili wake umekwisha ondoka, kwa hiyo ukitaka ya kurembesha, hiyo ndiyo.

Kinachoharibu zaidi ni kung'arisha. Gurudumu la kung'arishia huviringa kingo, hutanua midomo ya matundu ya skrubu na kufifisha mihuri ya ukaguzi. Kwa bastola za Walther, muhuri huo ni tai mwenye namba 359. Mikwaruzo ya mashine utakayoiona kwenye bastola za miaka hiyo si kasoro. Kiwanda kilikuwa na haraka ya vita, na anayeisugua anafuta ushahidi. Chuma kilichokwisha liwa na msasa hakirudi.

Mpini ni habari nyingine. Unashikwa na skrubu moja, hivyo weka wa mbao ukipenda, na ule wa bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) utie mfukoni pamoja na skrubu yake. Yawezekana ufa wenyewe ulitokana na kukaza kupita kiasi. Bakelaiti haijikunji, inapasuka. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu na uishie pale inapogoma.

Shabaha ya mbele imekaa kwenye mfereji wake na husogezwa kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo. Viwandani zilitengenezwa za vimo tofauti. Risasi zikipiga juu au chini, tafuta ya kimo kingine, usiipige tupa. Kutoboa slaidi ili uweke shabaha za kisasa, hapana.

Springi mbili za kurudisha slaidi, moja kila upande wa fremu, zibadilishe bila kusita kama unaifyatua. Zikilegea, slaidi huigonga fremu kwa nguvu. Za zamani zihifadhi. Na risasi za 9x19 (saizi ya bastola hii) zenye nguvu kupita kiwango usizitie kabisa, kwa kuwa slaidi za wakati wa vita zinaweza kupasuka.

SWALI: Nimeona kutu nyekundu karibu na kifyatulio. Nitumie siki?

JIBU: Usithubutu. Weusi wa bastola nao ni oksidi ya chuma, na asidi haichagui. Itakula kutu na weusi pamoja, ndani ya dakika chache. Paka mafuta mepesi, uache yaloweshe usiku kucha, kisha sugua polepole kwa sufi ya chuma namba 0000, ukifuta mara kwa mara. Ukiona rangi ya kahawia tulivu isiyochafua kitambaa, simama. Hiyo haikui. Chanzo cha kutu mara nyingi ni ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu, na chumvi na asidi za kuilainishia hubaki ndani yake. Ala ikae kwake, bastola ikae kwake.

SWALI: Nishushe nyundo ya bastola kwa wenzo wa usalama?

JIBU: Chemba ikiwa tupu tu. Sehemu zilizochakaa zinaweza kuiacha nyundo ipige pini ya kufyatulia risasi. Jaribu hivi: bastola tupu, mtutu ukielekea juu, ingiza penseli kwa upande wa kifutio hadi iguse nyuma, kisha shusha nyundo kwa wenzo. Penseli ikiruka, peleka kwa fundi wa silaha, na usiitie risasi hadi airekebishe.